Pale Bibi Aliponyamaza Kanisani

Jumapili iliyopita bibi mmoja nisiyemfahamu alikuja kukaa kwenye benchi langu kanisani, na harufu yake ilinifikia kabla sijamwamkia. Ugoro. Ugoro pamoja na moshi wa kuni uliokolea kwenye kitenge, ule moshi usiotoka hata ufue kwa sabuni ya namna gani. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaegemeza fimbo yake ukutani, ibada ikaendelea. Tulipofika kwenye Baba Yetu, mimi mtu mzima, mama wa watoto, nikamwacha Mungu nikamtegea sikio yule bibi, nisikie kama atasema sala yote au kuna mahali ataruka.

Alisema yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Nusura nimchukie. Bibi yangu, Bibi Wankuru, ambaye ametutoka siku nyingi sasa, hakuwa akisema yote. Kwa miezi mingi ya utoto wangu aliinyamazia sehemu moja ya sala ile, kila Jumapili, mbele ya watu, na kijiji kizima kilijua sababu. Mimi pia nilijua. Tulikosea wote.

Ninyi mliokulia upande wa Tarime mtanielewa upesi, ila kuna wengine inabidi niwaeleze. Bibi Wankuru hakumzaa mama yangu, wala hakumzaa baba yangu. Alimuoa mama yangu. Kwetu inaitwa nyumba ntobhu: mama mzee asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake, wanabeba jina la marehemu mume wake. Bibi alikuwa na mabinti tu, na wote walishaolewa, mmoja hadi ng'ambo ya mpaka, Kenya. Babu alipofariki, nyumba ikabaki haina wa kuirithi. Basi Bibi akaoa. Mwanaume aliyenizaa kwa damu simjui, na kwetu hilo halikuwa swali. Ukiniuliza mtoto wa nani, nilijibu mtoto wa nyumba ya Wankuru, na hakuna aliyecheka.

Mama yangu aliitwa Ghati. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mikono yake ilikuwa ya haraka. Ukimtazama anachambua mboga unachoka wewe. Kwetu ni upande wa Nyamongo, juu kidogo ya Kerende, na asubuhi kule kuna baridi ya kuuma masikio. Mama alikuwa akikamua ng'ombe amevaa sweta la bluu lililotoboka viwiko. Nilidhani sweta la bluu ni vazi la kukamulia. Nilipowaona baadaye wanafunzi wa shule ya msingi wote wamevaa masweta ya bluu, nilijiuliza ng'ombe wa kutosha watu wote hawa wako wapi. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipokaa chini na kuelewa kwamba lile lilikuwa sweta lake la shule, na kwamba aliletwa kwa Bibi akiwa amelivaa.

Aliondoka wakati wa palizi. Alikamua, akaacha ndoo ya maziwa mlangoni imefunikwa, akaenda. Vitenge vyote alivyonunuliwa na Bibi aliviacha vimekunjwa juu ya kitanda. Sweta alilichukua. Bibi aliingia mle ndani, akaviangalia vile vitenge kwa muda mrefu, kisha akavifungia kwenye sanduku. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nasubiri uji, na nilichoona ni kwamba uji unachelewa.

Haikufika mchana kabla Mzee Marwa hajaja. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu babu, mtu wa sauti kubwa na miguu mifupi, na alikuja na vijana wawili wenye fimbo.

"Shemeji, sema neno moja tu," alisema. "Huyu ni mke wa nyumba hii. Ng'ombe wa nyumba hii wamekwenda kwao. Hawa vijana watamleta kabla jua halijazama."

Alipoondoka yeye akaja Mama Chacha, mwenyekiti wa akina mama wa kanisani, mwanamke mwema ambaye wema wake ulikuwa ukimtangulia kama honi ya gari. Alimshika Bibi mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Mama, msamehe. Ni utoto ule. Ukimsamehe, Mungu atamgusa moyo, atarudi mwenyewe."

Mmoja alikuja na fimbo na mwingine na Biblia, lakini sasa naona walitaka kitu kimoja: Ghati arudishwe jikoni kwa Bibi. Hakuna aliyeuliza kwa nini ameondoka. Bibi aliwajibu wote wawili neno lilelile. "Nimesikia," akasema, akavuta ugoro wake, akapiga chafya, akaenda shambani kumalizia mistari ambayo mama aliiacha.

Mimi nilitaka kujua jambo moja tu, mama yuko wapi na atarudi lini. Niliuliza mpaka Bibi akachoka, akanionyesha kwa mdomo, kama wazee wetu wanavyoonyesha, upande wa ng'ambo ya Mto Mara. "Kule juu," akasema.

Sasa hapa lazima niwaeleze balaa la lugha zetu. Kwa Kikurya, mama tunamwita baba. Baba tunamwita tata. Mtoto wa kwetu anaanza shule akiwa na baba anayempikia na kumbeba mgongoni, na walimu wanaotoka mikoa mingine wanapata tabu ya miezi kadhaa kabla hawajaelewa kwa nini darasa zima linasema baba zao wamejifungua. Nyumbani Kiswahili hatukukisema. Nilikisikia kanisani tu, na sikuelewa sana.

Basi wiki ile ile mama aliyoondoka, nimesimama kanisani kati ya Bibi na Mama Chacha, nikasikia watu wote wamefumba macho wanamwita baba yetu, aliye mbinguni. Nikashtuka. Nililielewa lile neno. Walikuwa wanamwita mama yangu. Na huko mbinguni, kumbe, ndiko kule juu alikokwenda. Sikuwa na shaka hata kidogo. Mbinguni kilikuwa kijiji, kama Kerende, ila cha mbali, baada ya mto, na huko wanaishi akina mama walioondoka.

Kilichonishangaza ni unafiki wa watu wazima, ingawa neno lenyewe sikulijua. Hawa waliokuwa wakimsema mama kutwa kucha, kisimani na dukani, kwamba hana adabu, kwamba amelaaniwa, Jumapili walikuwa wanasimama safu kwa safu kumwomba chakula. Walimwambia hata jina lake litukuzwe. Niliwaangalia nikajisikia fahari. Kama anaombwa na watu wengi namna hii, nilijiambia, hawezi kukaa huko muda mrefu.

Ila kuna aliyekuwa haombi. Nilikuwa nimeshika kitenge cha Bibi, kwa hiyo sauti yake niliisikia hata kwa mwili. Alianza vizuri na wenzake. Ilipofika pale watu wanapoomba wasamehewe makosa yao kama wao wanavyowasamehe waliowakosea, sauti yake ilikatika. Mdomo aliufunga kabisa. Watu wakapita pale, wakaendelea, na mbele kidogo Bibi akaungana nao tena. Jumapili iliyofuata ikawa hivyohivyo, na nyingine, na nyingine.

Mama Chacha alikuwa na masikio mazuri. Siku moja alituwahi mlangoni baada ya ibada.

"Mama, kwani ile sehemu ya msamaha umeisahau?"

"Sijaisahau."

"Basi iseme. Kinyongo kinazuia baraka."

Bibi alimtazama juu mpaka chini. "Mama Chacha, mahindi yako yamepaliliwa?"

"Bado kidogo."

"Kapalilie."

Nilicheka sana siku ile, maana Bibi alikuwa na mdomo, lakini moyoni nilikuwa na hasira naye. Kijiji kilishahukumu kwamba Wankuru ana moyo mgumu, ameshindwa kumsamehe Ghati, na mimi niliamini hivyohivyo. Niliamini na zaidi. Nilidhani mama, huko mbinguni kwake, anasikiliza sauti za kwetu, anatafuta ya Bibi, anaikosa, na ndiyo maana harudi. Kwa hiyo ilipofika sehemu ile nilikuwa napaza sauti niseme kwa niaba ya watu wawili. Watu waligeuka kuniangalia. Mwinjilisti alimpongeza Bibi kwa kumlea mtoto katika sala, na Bibi akainama kuangalia viatu vyake.

Mahindi yalikomaa, yakavunwa, ukaja ulezi. Habari zikafika kupitia kijana wa kijiji aliyekuwa akifanya vibarua huko Serengeti kwamba Ghati yuko Robanda, anapika kwenye kambi ya watalii, amepanga chumba. Mzee Marwa akaja tena na vijana wake. Bibi akamwambia, "Nitaenda mwenyewe." Mzee Marwa akapiga mapaja kwa furaha. "Hapo sasa umesema, shemeji. Mke anafuatwa na mwenyewe." Bibi akamwacha na furaha yake.

Siku ya safari aliniogesha kwa maji ya moto, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa, akanivalisha gauni la kanisani. Nguo zangu nyingine zote alizitia kwenye kiroba. Zote, hata ile sketi iliyonibana. Niliona, na sikuona. Nilidhani huko tunakokwenda kumchukua mama kuna siku nyingi za sherehe.

Tulipanda lori la mizigo, tukakaa juu ya magunia. Tulivuka Mto Mara, maji yake ya kahawia kama chai iliyozidi maziwa, tukapita Nyambureti ambako muhogo ulikuwa umeanikwa juu ya mawe hadi kando ya barabara, na harufu yake chachu ikatufuata mwendo mrefu. Mugumu tulibadilisha gari. Tulipofika Robanda, kitu cha kwanza nilichokiona ni shamba la mahindi makavu limelala lote chini, na mzee mmoja akiokota magunzi katikati yake. Tembo walikuwa wamepita. Mipakani mwa mashamba watu walikuwa wamefunga kamba za kufukuza tembo, zilizoning'inizwa vitambaa vya oili chafu na pilipili, na ile pilipili ilinipigisha chafya na kunitoa machozi kabla sijajua kwamba siku ile nitalia kwa sababu nyingine.

Mama alikuwa amekaa nje ya chumba chake na ungo mapajani, anachambua maharage. Alipotuona alisimama, maharage yakamwagika. Hakunikimbilia. Kwanza aliangalia nyuma yetu, njia yote tuliyotoka, mpaka kwenye kona. Alikuwa anatafuta wanaume wenye fimbo.

"Tuko wawili tu," alisema Bibi.

Ndipo mama akaniita kwa jina, Robi, nikaenda nikamkumbatia miguu. Akamwamkia Bibi, "Shikamoo, Mama," akaingia ndani kuleta kigoda. Lazima mjue kwamba nyumbani kigoda kilikuwa cha Bibi peke yake, maana yeye ndiye alikuwa mwenye mji. Mama hakuwahi kukikalia. Bibi alikiangalia kile kigoda alichowekewa, akakisogeza pembeni, akakaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele. Mama alibaki amesimama, hajui pa kuweka mikono. Mwishowe naye akakaa chini, akavuta ungo, akaanza kuokota maharage yaliyomwagika.

"Ghati," alisema Bibi, "sikuja kukurudisha."

Mama aliendelea kuokota.

"Siku ile ulipoletwa kwangu ulikuwa unalia. Ulikuwa umevaa sweta la shule. Niliona. Wote tuliona. Dada yangu akaninong'oneza, huyu mtoto analia, Wankuru. Nikamwambia, atazoea."

Mikono ya mama ilisimama. Sikuwahi kuiona ikisimama.

"Neno hilo ndilo linanikaba," Bibi aliendelea. "Kila tukifika pale kwenye sala, linapanda hapa, linakaa. Namwombaje Mungu anisamehe, na wewe mwenyewe niliyekukosea sijakuomba? Watu wanadhani nimekasirika. Waache wadhani. Leo nimekuja kwako. Nisamehe, mwanangu."

Nilikuwa mdogo, lakini hayo niliyasikia yote, na nimeyarudia kichwani mara nyingi kiasi kwamba sijui tena ni sauti yake au yangu. Ile sehemu ya sala ina pande mbili. Upande mmoja tunaomba, upande mwingine tunatoa. Sisi wote, Mama Chacha, mwinjilisti, kijiji na mimi mwenyewe niliyekuwa nikipaza sauti, tulisikia upande wa kutoa tu, kwa sababu huo unahusu makosa ya wengine. Tulidhani Bibi amegoma kutoa. Kumbe ni kuomba kulikokuwa kumemshinda, na hakutaka kumdanganya Mungu kwa mdomo.

Mama aliokota punje za mwisho, akazirudisha kwenye ungo. Kisha akasema, "Nimesikia, Mama."

Nikangoja. Nilijua kuna maneno yanafuata, maana kwenye sala yanafuata. Hayakufuata. Mama aliinuka akaenda kubandika chai, na Bibi akachukua ugoro wake akavuta kwa utulivu, kama mtu aliyemaliza alichokuja kufanya. Mimi niliona mambo yanaharibika, nikaamua kuokoa jahazi kwa swali lililokuwa likinisumbua tangu tushuke kwenye gari, maana mahali pale hapakufanana na nilivyotarajia.

"Baba," nilimwita mama, "hapa ndiyo mbinguni?"

Akageuka. "Wapi?"

"Si kule wanakokuomba. Kanisani. Wanakuomba chakula kila Jumapili."

Walitazamana, wale wawili, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Bibi ndiye aliyeelewa kwanza. Alianza kutikisika mabega, ugoro ukampalia, akakohoa na kucheka kwa pamoja, na mama akalazimika kumpiga mgongoni huku naye machozi ya kicheko yanamtoka.

"Hapa ni Robanda, mwanangu," mama alisema alipoweza kusema. "Mbinguni tembo hawali mahindi."

Tulikunywa chai na viazi. Baada ya hapo Bibi alivuta kile kiroba akakiweka mbele ya mama.

"Nguo zake zote ziko humu."

Mama hakukigusa. "Unaniachia?"

"Ni wako. Wewe ndiye uliyemzaa."

"Na nyumba, Mama? Watasema nini huko?"

"Watasema. Midomo wanayo."

Hapo ndipo nilipoelewa kiroba, na ndipo nilipolia. Nililia kama nauawa. Nilikuwa nimekuja kuwaunganisha, na sasa nilikuwa nabadilishwa, nampata mmoja nampoteza mwingine. Nilimng'ang'ania Bibi shingoni, nikavuta ile harufu yake yote niiweke. "Likizo utakuja," aliniambia. "Mimi siendi popote." Asubuhi aliondoka na fimbo yake, na gari likamchukua.

Nimezaa sasa, na ninapowatazama watoto wangu wamelala napiga hesabu ya kile alichokifanya yule mzee, na sifiki mwisho wake. Nyumba ile aliijenga kwa ajili yangu mimi. Ng'ombe walitoka, ukoo ulikaa, desturi ilifuatwa, yote ili apatikane mtoto mmoja wa kuwasha moto pale atakapokuwa hayupo. Na huyo mtoto alipopatikana, alimwogesha, akampaka mafuta, akampeleka mwenyewe mlangoni kwa mtu mwingine. Hakuna aliyemlazimisha. Desturi ilikuwa upande wake, wazee walikuwa upande wake, hata kanisa kwa namna yake lilikuwa upande wake. Mtu aliyekuwa na haki zaidi ya wote ya kumhukumu mama yangu ndiye pekee ambaye hakumhukumu. Namshukuru kwa hilo kila ninapopiga magoti, na simalizi.

Kule kijijini walimsema, kama alivyotabiri. Mzee Marwa alikaa misimu kadhaa bila kukanyaga kwake. Alisema shemeji amegawa damu ya kaka yake bure. Bibi hakujitetea. Alinieleza haya akiwa anamenya ndizi, kama habari za majirani, mimi nikiwa kwake likizo. Maana likizo nilikwenda kweli. Kila shule ilipofungwa, mama alinisindikiza mpaka Mugumu, akanipandisha gari la kwenda Nyamongo, akaniwekea mapajani kifurushi: sukari, sabuni, mafuta ya kula. "Mpe Bibi yako," alisema. Hakuwahi kuniambia mwambie hivi au vile. Na yeye mwenyewe hakuwahi kupanda lile gari.

Bibi akipokea kifurushi alikuwa na swali moja. "Anakula vizuri?" Nikisema ndiyo, aliridhika. Hakuuliza kama mama anamtaja, wala kama amepata jibu.

Nilivyokua nikaanza kumhukumu mama. Niliona ni yeye sasa mwenye moyo mgumu. Nikiwa darasa la sita, na ujuaji wa darasa la sita, nilimuuliza moja kwa moja mpaka lini atamnunia bibi wa watu aliyekaa kwenye vumbi kumwomba. Alikuwa anakanda unga wa maandazi. Hakunipiga, ingawa nilistahili.

"Yeye aliomba alipokuwa tayari," alisema. "Hakuna aliyemsukuma. Na mimi niache niwe tayari."

Nilijifunza siku ile kwamba uchungu wa mtu hauna kengele ya shule. Nawashukuru wote wawili kwa kutoigiza mbele yangu. Ingekuwa rahisi siku ile Robanda mama kusema nimekusamehe, tukala, tukapiga picha ya furaha kichwani, kisha akaendelea kuumia chinichini na mimi nikalelewa juu ya uongo. Badala yake nililelewa na wanawake wawili ambao hawakusema wasichokuwa nacho.

Mwaka niliokuwa darasa la saba, Bibi alivimba mguu. Nilikwenda likizo fupi nikakuta magugu yamefika magotini, mahindi yamedhoofika, naye anajikokota kwa fimbo kutoka jikoni hadi mlangoni. Niliporudi Robanda nilimweleza mama kama habari tu, katikati ya habari nyingine. Asubuhi niliamka nikamkuta amevaa, mkoba uko begani, amekwisha omba ruhusa kazini.

"Twende," alisema.

Tulifika kwa Bibi jua likiwa juu. Mke wa mji akirudi nyumbani hapigi hodi. Anaingia moja kwa moja jikoni, anaangalia kama moto upo. Mama alisimama kwenye lango la boma, nje kabisa, akasema, "Hodi."

Bibi alikuwa amekaa chini ya upenu. Aliinua kichwa. Nilisikia kuku wakiparuza.

"Nani?" aliuliza, ingawa alimwona.

"Mgeni."

Bibi alishika fimbo, akainuka kwa taabu. "Karibu, mgeni," alisema. Akatoa kigoda akampa mama akikalie. Akanituma nimkamate jogoo. Akapika mwenyewe, kwa mguu ule, jogoo na ugali wa ulezi, na nilipotaka kumsaidia zaidi ya kuteka maji alinifukuza. Katika maisha yao yote pamoja, mama ndiye aliyekuwa akimpikia. Siku ile Bibi alimnawisha mikono, akamwekea chakula mbele, akasubiri ale kwanza. Mama Chacha akapita, bila shaka kwa bahati mbaya, akachungulia. "Ghati amerudi?" aliuliza. "Nina mgeni," alijibu Bibi, na Mama Chacha akaendelea na safari yake. Kesho yake ikawa vilevile. Mama alikaa kwenye kigoda, akaletewa uji, akaletewa chakula, mikono yake ya haraka ameibana katikati ya magoti.

Wote mnaujua ule msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi naye aliujua, na ulimwogopesha. Siku ya tatu aliamka mapema kuliko kuku, akakusanya majembe yote ya nyumba ile, akayaficha nyuma ya ghala, mgeni asije akayaona yameegemea ukuta akadhani anaambiwa jambo.

Mama alipoamka alizunguka nyumba mara mbili.

"Robi, siku hizi majembe ya hapa yanakaa wapi?"

Sikuweza kumdanganya. "Bibi ameyaficha nyuma ya ghala."

Aliniangalia kidogo, akatikisa kichwa, akaenda. Alirudi na jembe moja begani, kitenge amekifunga kiunoni, akashuka shambani kupitia njia ya nyuma. Bibi alikuwa jikoni anakoroga uji. Alisikia jembe linapiga udongo, akatoka mpaka mlangoni na mwiko wake mkononi.

"Nenda kamwambie mgeni hapalilii," aliniambia. "Aje anywe uji."

Nilishuka mbio. Mama alikuwa ameshafika katikati ya mstari wa kwanza, magugu yamelala nyuma yake, nami nikampa ujumbe kama nilivyotumwa. Hakuinua kichwa.

"Mwambie mgeni aliondoka jana," alisema.

Nikapanda tena kile kilima, mbio, na mpaka leo sijatumwa neno zuri kuliko lile.